Jeneza la Nambambo na Wale Wanne wa Sevilla

Neema na Bakari, funguo nimewaachia juu ya meza. Ule mrefu ni wa mlango. Ule uliopinda haufungui chochote; niliukuta hivyo hivyo siku ya kwanza, nikautunza, maana huwezi kujua. Mliniomba niandike kidogo juu ya kazi yetu kabla sijasahau, nami naandika kwa sababu tangu nistaafu mke wangu analalamika kwamba nimekuwa mwingi mno nyumbani. Vyeo sitavigusa, sikuvipanda kiasi cha kuchoka. Na mshahara wa mhifadhi wa makumbusho ya wilaya mtaujua wenyewe mwisho wa mwezi.

Nilipofika mara ya kwanza nilidhani nimeitwa kufagia. Chumba kilikuwa ghala kuukuu, lililobaki tangu enzi za Waingereza na karanga zao zilizogoma kuota hapa Nachingwea. Ndani kulikuwa na jembe la trekta, kofia za chuma, ngoma, vinyago, mitego ya panya, vinu visivyo na michi na michi isiyo na vinu. Katikati yao alikaa mzee mmoja, ametulia hata nikamhesabu kuwa sehemu ya vielelezo. Alipopiga chafya ndipo nikamwamkia. Huyo alikuwa Mzee Mkwanda, mhifadhi wa kwanza, na kila ninachokijua katika kazi hii chanzo chake ni yeye.

Alinikabidhi brashi ya kupakia rangi ambayo haijawahi kuona rangi, kipande cha khanga kilichochoka, tochi, na kopo la majani ya mwarobaini yaliyosagwa. Khanga mpya inakwaruza, alisema, tafuta iliyokwisha lea watoto. Nikamuuliza kuhusu makufuli na wezi. Akanitazama kwa huruma.

"Adui yako si mwizi," akasema. "Mwizi anachagua. Mchwa hachagui."

Akanifundisha kugonga mbao kwa ukucha na kutega sikio. Mbao nzima inajibu. Iliyoliwa ndani inanyamaza, hata kama kwa nje inang'aa. Nimegonga mbao kwa ukucha maisha yangu yote ya kazi, hadi leo nikialikwa harusini nagonga meza kabla sijaweka sahani, na mke wangu anaona aibu.

Jambo lake la pili lilikuwa lebo. Usichokijua usikisingizie, alikuwa akisema. Ndiyo maana pale kona ya kushoto mtakuta kitu cha mti chenye tundu mbili na mkia, na lebo kwa mwandiko wake: KITU. MANDAWA. Nimepita Mandawa yote kwa pikipiki, mavumbi mpaka kwenye kope, nikiuliza kile ni nini, na kila mzee alinipa jibu lake kwa uhakika mkubwa. Mmoja alipanda basi kutoka Ruangwa kuja kukitazama kwa macho yake. Akakizunguka, akakiinua, akakirudisha, akasema hata yeye hakijui, akaondoka ameridhika kabisa. Kwa miaka mingi hicho ndicho kielelezo kilichopendwa kuliko vyote.

Sasa habari ya jeneza. Msikiti mmoja wa Nambambo ulipata jeneza jipya la chuma kutoka kwa mfadhili, na lile la zamani la mbao likawa linangoja kupasuliwa kuni. Nilipoisikia habari hiyo nikaenda haraka. Ninyi ni vijana na Neema ni Mkristo, kwa hiyo nieleze: jeneza la kwetu Waislamu haliingii kaburini. Mwili ukishazikwa, lenyewe linarudi msikitini kumngoja mwingine. Lile lilikuwa la mninga, limeshabeba kijiji kizima kwa zamu, na vishikio vyake vilikuwa laini kwa viganja na mabega ya watu kuliko fundi yeyote angeweza kuvilainisha. Nililipenda pale pale. Watu hawapendi mtu anayesema amelipenda jeneza, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Kosa langu lilikuwa kulipakia nyuma ya gari la wazi mchana kweupe. Kwetu jeneza likipita, huulizi kwanza. Unashuka kwenye baiskeli, unaingia msafarani, unamfuata aliyebeba, unasema "lete", unaingiza bega lako, unakwenda hatua chache, halafu unampisha mwingine. Tunaita kupokea. Nani kafa utauliza baadaye. Basi waliokuwa wakipalilia mikorosho wakaacha majembe wakafuata. Wenye baiskeli wakafuata. Dereva akalazimika kwenda mwendo wa miguu, na tulipokaribia mjini wazee wakamfokea kwamba ni aibu maiti kupelekwa kwa gari wakati wanaume wapo. Wakalishusha wakalibeba. Lilifika mlangoni mwa makumbusho likiwa mabegani mwa watu, jepesi ajabu, na mmoja wao akaniuliza marehemu ni nani.

Nikasema hakuna marehemu, ni kielelezo. Wakaliweka chini taratibu, wakajifuta vumbi, wakaondoka bila kuniaga hata mmoja.

Kuanzia hapo wageni wakakatika. Jeneza tupu kukaa ndani ya nyumba ni mchuro, yaani linamngoja mtu, na kila aliyechungulia mlangoni aliona wazi kwamba linamngoja yeye. Walimu walileta wanafunzi hadi kizingitini wakawarudisha. Nikaweka vinyago mbele yake, watu wakasema nimelificha ili liwavizie. Mkuu wangu wa kazi, kijana msomi aliyehamia kutoka Mbeya, alikuwa mtu mwema lakini alikuwa na shida ya ghala la salfa ya kupulizia mikorosho, na kila mwezi alikuja kukipima chumba chetu kwa macho. Akaniambia wazi: ama niondoe jeneza watu warudi, ama chumba kigeuzwe ghala. Nikaomba muda.

Mtu pekee aliyeingia bila hofu alikuwa mtani wangu, Mzee Rajabu Ngonyani, fundi baiskeli wa ng'ambo ya barabara. Mimi Mmwera, yeye Mngoni. Babu zake waliwakimbiza babu zangu vichakani, na kwa sababu hiyo mimi na yeye tulikuwa na ruhusa ya kutukanana mpaka kufa, na hata baada ya kufa. Alikuja kila siku na mikono yake ya grisi nikimkataza kugusa. Akiliangalia jeneza anasema mbao nzuri, pole yake imeangukia mikononi mwa Mmwera.

"Mtunzie Mngoni," alikuwa akisema. "Hili langu. Usimpe mtu mwingine."

Mambo yakiwa hivyo ikaja barua ya mwaliko. Watu fulani wa mji wa Sevilla, kule Hispania, walikuwa wanakaribisha wahifadhi wa makumbusho ndogo ndogo wakaone makumbusho kubwa kubwa. Nafasi ilikuwa ya mkuu wangu. Pasipoti yake ilikuwa imekwisha muda, yangu ilikuwa mpya kwa sababu nilikuwa na nia ya kwenda Hija na pesa ikakataa, na kwa njia hiyo Mungu akanipeleka upande mwingine kabisa. Ngonyani alikuja kuniaga stendi mbele ya abiria wote. Akaniambia nisiibe. Kisha akasema nimletee kitu, chochote, mradi kimetoka kwenye mikono ya Wazungu wenyewe, maana Mmwera akinunua atanunua cha rahisi.

Mtembea bure si mkaa bure. Huko nilipokelewa na Bi Karmeni, mama aliyewahi kufundisha Moshi ujanani, akisema Kiswahili safi cha kitabuni ambacho mimi mwenyewe sikijui. Mchana wa kwanza tulipotoka kula, maduka yote yalikuwa yamefungwa, milango imeteremshwa, barabara hazina watu. Nikamshika mkono nikampa pole, nikamuuliza ni nani aliyefariki. Akasema hakuna, watu wamelala. Nikadhani anazungumza kwa heshima, kwa hiyo nikakaa kimya mpaka jioni, nilipowaona hao waliolala wakifungua maduka na kucheka.

Alinitembeza kwa utaratibu. Kasri la wafalme lilikuwa na kuta zilizochorwa maandishi ya Kiarabu kutoka chini hadi dari, kwa kuwa mji ule Waislamu walikaa karne nyingi. Madrasa ya utotoni ikanifaa. Nikawa nasoma ukutani kwa sauti, hakuna mshindi ila Mwenyezi Mungu, na watalii wakaanza kunifuata chumba hadi chumba wakidhani mimi nimewekwa na wenyewe. Mmoja aliniuliza choo. Nikamwonyesha upande niliotokea, na natumaini alifika.

Mnara mkubwa ulio kando ya kanisa kuu zamani ulikuwa wa msikiti. Ndani hauna ngazi, una njia ya mteremko inayozunguka, ili mwadhini apande hadi juu akiwa juu ya mnyama. Nikapanda kwa miguu yangu, nikapumzika kila dirisha, nikitafakari kwamba zamani walimhurumia mwadhini lakini hakuna aliyemuuliza punda. Juu kuna kengele, na mji mzima umelala chini yako na mapaa yake. Niliuona mto, nikaona daraja, nikatafuta bila kujua kwa nini upande ulipo Nachingwea.

Palikuwa na makumbusho ya mila zao. Hapo, vijana wangu, nilisikia wivu, nasema wazi. Plau za kukokotwa na ng'ombe, vinu, vyungu, vitanda vya kamba, ungo. Vitu vyetu kabisa. Tofauti ilikuwa taa. Kila kinu kilikuwa na taa yake ndogo kutoka juu, kikajua kwamba kinatazamwa. Nilikumbuka balbu yetu moja inayowaka ikijisikia, nikasimama pale muda mrefu hata Bi Karmeni akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia nimekumbuka nyumbani, na ilikuwa kweli.

Nikagonga kinu kimoja kwa ukucha kabla sijajizuia. Kilijibu. Mlinzi hakuona.

Halafu tukaingia kanisa kuu lenyewe. Ni kubwa kiasi kwamba mtu akikohoa, kikohozi kinachukua muda kumrudia. Nilikuwa nimeinua kichwa natazama dari, nikageuka, nikaona watu wanne wamebeba jeneza.

Sasa nieleweke. Baadaye niliambiwa kwamba ni sanamu, kwamba ni kaburi la yule baharia anayesemekana alivumbua nchi zilizokuwa na wenyewe, na kwamba wale wanne ni wapiga mbiu wa falme nne waliovaa mavazi ya enzi zao. Wakati ule sikuambiwa kitu. Niliona jeneza mabegani, wanaume wanne, na watu wengi wamesimama kando wakipiga picha, hakuna hata mmoja anayesogea kuwasaidia. Miguu ikaenda yenyewe. Nilivuka kamba nyekundu, nikakanyaga jukwaa, nikamfuata yule wa mbele kulia ambaye alionekana kuelemewa, nikasema "lete", nikanyoosha mkono.

Kengele ikalia. Ikalia kanisa zima, na sauti yake nayo ikawa inarudi.

Mlinzi aliyekuja alikuwa mtu mzima wa rika langu, mwenye masharubu na viatu vinavyolia. Akasema maneno mengi. Bi Karmeni, uso umempauka, akaniuliza kwa niaba yake nilikuwa nataka kufanya nini.

"Nilikuwa napokea," nikasema.

Akatafsiri. Mlinzi akauliza kupokea nini, na kutoka kwa nani, na kama nina hati ya kupokelea. Ndipo nikagundua kwamba neno limevuka bahari likafika limegeuka mzigo wa posta. Nikaanza kueleza polepole. Nikamwambia kwetu mtu akibeba jeneza habebi hadi mwisho, watu wanampokea. Hawa naona hawajapokelewa. Nikamwomba Bi Karmeni aulize wamesimama hivyo tangu lini. Tangu kabla baba yake mlinzi hajazaliwa, ikaja jibu. Nikasema basi, hawa wamechoka.

Mlinzi alipotafsiriwa hakucheka. Alivua kofia, akawatazama wale wanne muda mrefu, kana kwamba ndiyo kwanza wameingia. Kisha akasema jambo ambalo Bi Karmeni alilirudia kwa sauti ndogo.

"Anasema amelinda hapa tangu ujana wake. Watu wote wamemuuliza choo kilipo. Wewe ndiye wa kwanza kuuliza kama hawa wamechoka."

Aliniomba tiketi yangu ya kuingilia. Nikadhani ananifukuza. Akaisaini nyuma kwa kalamu yake, akanirudishia, akanipa mkono, na hadi leo sijui aliandika nini zaidi ya jina lake. Tukatoka nje. Bi Karmeni alikaa ngazini akacheka mpaka machozi, nami nikacheka naye. Lakini wale wanne sikuwasahau. Kilichonisumbua ni kwamba jeneza lile halifiki. Wamelibeba vizuri, wamevaa vizuri, na halifiki.

Nilirudi Nachingwea nimejaa elimu. Nitawasimulia niliyoyafanya ili msiyarudie. Nilinunua kamba ya manila nikaitia rangi nyekundu, nikaizungushia jeneza. Rangi ikawa inawashika wageni kwenye suruali kwa miezi. Nilichora mishale sakafuni, njia ya kuingia na njia ya kutoka, kama Sevilla, bila kukumbuka kwamba chumba kina mlango mmoja. Mishale ya kutoka iliishia dirishani. Wageni wachache waliothubutu kuja walikuwa watu watiifu, na mwalimu mmoja mnene wa Ruangwa tulimtoa kwa kumvuta. Nilifunga ofisi mchana ili nilale kama wenzetu, mkuu wangu akanikuta. Na kwa kuwa kule kila mgeni huwekewa sikioni kifaa kinachomsimulia, nilirekodi sauti yangu kwenye simu, nikampa mgeni rasmi kutoka wilayani aiweke sikioni mbele ya ngoma. Katikati ya maelezo ya ngoma simu ikaita, yeye akabonyeza, na mke wangu akamwagiza asirudi nyumbani bila dagaa na mkaa. Mgeni rasmi aliniambia maelezo yalikuwa mazuri, ila sehemu ya dagaa hakuielewa.

Ngonyani nilimpa ile tiketi. Nilimsimulia yote, kengele, mlinzi, wale wanne. Alicheka hadi akashika ukuta kwa mkono wa grisi, alama ipo bado. Akaigeuza tiketi huku na huku.

"Mmwera amekwenda Ulaya kaniletea karatasi," akasema. "Tena iliyotumika."

Lakini aliikunja akaitia mfuko wa shati, wa juu, unaofungwa kwa kifungo.

Jeneza bado lilikuwa linatufukuzia watu, na mkuu wangu akaja mara ya mwisho. Safari hii alikuja na utepe wa kupimia. Alipima ukuta wa nyuma, akapima mlango kama gunia la salfa litapita, akaniambia amenivumilia sana na anasikitika, na nilijua anasikitika kweli. Ngonyani alikuwa mlangoni, amesikia yote. Hakutania siku ile, nami nikashangaa.

Siku ya gulio iliyofuata, watu wamejaa kutoka Nambambo na kwingineko, alivuka barabara akiwa amevaa kanzu yake ya Idi. Akaingia ndani, akainua kamba yangu, akapanda kwenye jeneza, akajilaza chali, akafumba macho. Muda si muda akaanza kukoroma. Kelele zikatoka nje, nusu ya gulio ikaja. Wengine walianza kulia. Akafumbua jicho moja.

"Mnalia nini? Mngoni amelala," akasema. "Babu zenu walikimbia mikuki, ninyi mnakimbia mbao. Linamngoja mtu, ndiyo. Linaningoja mimi. Nimeshawahi nafasi, kwa hiyo ninyi tazameni kwa amani."

Mtu mwingine angefanya vile angefukuzwa mjini. Kwa mtani ni haki yake. Wamwera wote waliokuwepo walimrudishia matusi kwa furaha, na wakimtukana wakajikuta wameingia ndani hadi ukutani. Wakatazama ngoma. Wakabishana juu ya KITU. Mchuro ulikwisha siku ile, kwa sababu jeneza lilikuwa limepata mwenyewe. Baada ya hapo watu walikuja kuona jeneza la Ngonyani, hata wanafunzi wa Ruangwa kwa basi zima, naye akivuka barabara kuwaeleza ni wapi kichwa chake kitalala. Mkuu wangu akaitafutia salfa mahali pengine, ila akaniandikia kwamba kielelezo kile kisitoke tena nje ya chumba kwa sababu yoyote.

Nilikuwa nimebakiza muda mfupi kustaafu Bi Zuhura, mke wa Ngonyani, alipokuja asubuhi amejifunga khanga kichwani. Nilijua kabla hajasema.

"Shemeji," akasema, "mtani wako amekutangulia."

Nikasema maneno tunayoyasema. Yeye akaendelea, ametazama sakafu yangu yenye mishale.

"Ameusia abebwe kwa hilo. La chuma hataki. Amesema chuma amekishika maisha yake yote, sasa anataka kukipumzisha."

Nilimpigia simu mkuu wangu. Hakukasirika, na hilo lilikuwa gumu zaidi. Alisema kile ni kielelezo, si chombo. Kimekaa miaka bila kazi, hakuna ajuaye kama kitastahimili mtu. Likivunjika njiani, alisema, hataweza tena kukitetea chumba kile, na atakayekuwa amekifunga ni mimi. Nilielewa. Nilielewa na ambalo hakulisema: likivunjika, atakayeanguka barabarani mbele ya watu ni Ngonyani.

Nikafunga mlango, nikapiga magoti, nikaligonga lote kwa ukucha. Mbao kwa mbao, na sikio. Nilikuwa nimelipaka mwarobaini na kulifuta kwa khanga mwaka baada ya mwaka, nikiamini kwamba natunza historia. Sasa ndiyo nilikuwa naulizwa kama nilitunza kweli. Lilijibu. Kishikio kimoja tu, cha mbele kulia, kilijibu kwa sauti ya chini. Nikakata kamba yangu nyekundu nusu, nikakifunga kwa fundo alilonifundisha Mzee Mkwanda, nikajaribu kwa uzito wangu. Rangi ikanishika mikononi, na mara ya kwanza kamba ile ikawa na kazi.

Nilimwita shehe, akatuma vijana wa msikiti, likatoka.

Sasa, mtani ana deni lake msibani, na mimi sikutaka kumwaibisha. Mwili uliposwaliwa na jeneza likainuliwa uani, nilitangulia getini na ile nusu ya kamba iliyobaki. Nikaifunga nguzo hadi nguzo. Nikasimama katikati, nimekunja mikono, kama mlinzi wa Sevilla.

"Hapapitwi," nikasema. "Kielelezo cha makumbusho hiki. Mngoni ametaka kutoka bila kulipa, kama kawaida yao. Tiketi iko wapi?"

Wamwera wakashangilia, Wangoni wakanitukana inavyotakiwa, na hata ndani kwa akina mama nikasikia kicheko katikati ya kilio. Nilikuwa nangoja wanipe kuku, au chochote, ndivyo inavyokwenda. Hamisi, mtoto wake mkubwa, alimwachia mwenzake bega akanisogelea. Akafungua kifungo cha mfuko wa shati. Lilikuwa shati la baba yake.

"Baba alisema mtu wa kamba atatuzuia getini," akasema. "Akasema tukuonyeshe hii."

Ilikuwa tiketi yangu ya Sevilla, imekunjwa, ina alama ya grisi, na jina la yule mlinzi nyuma.

"Akasema ukumbuke, lile la huko halikufika. La kwake lifike."

Nilikuwa nimeandaa matusi mengine. Nikaichana tiketi kipembeni kama wafanyavyo wenyewe, nikamrudishia, nikaishusha kamba, nikalia mbele ya watu wote na sikuona haya. Walipopita nikaingia nyuma ya yule wa mbele kulia, penye fundo. Nikasema "lete". Akanipisha. Uzito wa Ngonyani ukakaa begani kwangu, na mbao ikaubeba bila kulalamika, kama ilivyo mbao iliyo nzima. Hakuna kengele iliyolia.

Tulipita mbele ya makumbusho. Mkuu wangu alikuwa amesimama kizingitini, amekuja kuona kama kielelezo chake kitavunjika. Nilimwona akiangalia fundo, akiangalia mabega. Yeye si wa huku na si Mwislamu. Akashuka barabarani, akakunja mikono ya shati, akanifuata kwa nyuma, na kwa lafudhi yake ya Mbeya akasema, "Lete, mzee." Nikampisha.

Jioni lilirudi lina udongo kwenye miguu. Sikuufuta, nanyi msiufute. Lebo yake ya zamani niliibandua, nikaandika nyingine kwa mwandiko wangu: JENEZA. NAMBAMBO. LINATUMIKA. Mkuu aliisoma akaipitia tena, akanunua balbu ya pili kwa fedha yake.

Basi, kila mwezi ligongeni kwa ukucha, hasa kishikio cha mbele kulia. Mwarobaini uko nyuma ya mlango. Ile nusu ya kamba nyekundu iko kwenye droo pamoja na ufunguo usiofungua, msiitupe. Wangoni wataihitaji siku watakapokuja kunidai tiketi, na mimi, kwa taarifa yenu, nakusudia kubishana.